Jina la Kabla ya Unyago

Chiungutwa, Jumatano

Kumbe nilikuwa namtukana! Siku tatu nimemuulizia Sijaona, mrithi wa mzee aliyefia Tanga akaacha nyumba, na wosia niliouleta mimi. Watu wanainamisha macho tu. Nikadhani wananiona mnunuzi binafsi wa korosho, wale waliopigwa marufuku, maana siku hizi wamejaa.

Leo Mama Zuhura, anayenipikia chai, akaniambia taratibu: "Mwanangu, hilo jina la kabla ya unyago. Mtu mzima haitwi hivyo. Nani kakupa jina langu?"

"Marehemu mjomba wako, Mama. Ameliandika kwenye wosia."

Siku tatu ananisikia, na chai bado kanipikia! Mimi ustahimilivu ule ningeutoa wapi?

Nyumba hata hakuiulizia. Akaweka birika chini.

"Aliondoka sijachezwa unyago," akasema. "Basi amekufa mimi bado mtoto wake."