Mguu Ule Ulikuwa wa Mama

Jumamosi, jioni.

Upepo wa leo umekuwa wa kero tupu. Vumbi la Nakuru limeingia mpaka kwenye sukari, na nimefuta meza hii nikachoka. Nina hasira. Nilidhani itakuwa imepoa kufikia sasa, lakini nimeosha vyombo, nimekunja mapazia ya wateja, nimekunywa chai, na bado iko palepale.

Basi wacha niiandike.

Mama yuko chumba cha pili, amejinyoosha kidogo. Alishuka jana kutoka Mau Narok kwa sababu ya macho yake. Leo asubuhi daktari alimtia dawa ya matone, akatuambia hataona vizuri hadi jioni, na kusoma ndiyo asijaribu kabisa. Tulimaliza kliniki mapema kuliko nilivyotarajia. Duka langu la mapazia pale Bondeni nilikuwa nimeshamwachia jirani. Sikutaka kumrudisha mama nyumbani akae kwenye kochi kama mgonjwa.

Nikakumbuka mteja wangu mmoja aliniambia kuna showroom ya magari ya zamani upande wa Lanet, na kwamba nyuma yake kuna gereji wanakoyafufua. Jumamosi mtu yeyote anaweza kuingia kutazama, bure.

"Nikaangalie magari na macho gani?" Mama aliuliza. Lakini alikuwa ameshachukua mkoba wake.

Mama anapenda magari kuliko anavyokubali. Lazima nieleze kwa nini, la sivyo yaliyotokea leo yataonekana kama kichaa cha wanawake wawili.

Baba alikuwa na gari la pijo, stesheni wagoni ya rangi ya krimu. Alilitumia kubeba viazi kutoka Mau Narok hadi soko la Nakuru. Halafu ugonjwa wa sukari ukamla macho, na kila mtu akaja kutushauri tuuze gari. Shemeji zake mama walikuja. Wazee wa kanisa walikuja. Mama aliwapikia chai wote, akawasindikiza hadi langoni, kisha akaingia ndani ya pijo na kujifunza kuendesha kwenye shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, baba akiwa kando yake akimwelekeza kwa kusikiliza injini.

Tatizo lilikuwa klachi. Mama ni mfupi, na mguu wake wa kushoto haukufika. Akaenda kwa mchomeleaji pale sokoni, akaongezewa kipande cha chuma juu ya pedali. Wanaume walicheka. Walisema gari limevalishwa viatu vya mchuchumio.

Aliliendesha utoto wetu wote. Alibeba viazi, alibeba wagonjwa, maharusi, maiti. Yupo mwalimu mmoja kule kwetu aliyezaliwa kwenye kiti cha nyuma, mvua ikinyesha, kabla hawajafika hospitali. Baba alipokufa, mama alimleta nyumbani kutoka mochari kwa gari hilohilo, na hakumruhusu mtu mwingine kushika usukani.

Giaboksi ilipokufa na spea zikakosekana kabisa, alimuuzia mtu wa skrapu, mnunuzi wa vyuma chakavu. Aliuza mwenyewe, kwa hiari yake. Hakuna aliyetuibia. Nataka hilo lieleweke: hatudai gari.

Sasa, leo.

Showroom yenyewe ni nzuri, siwezi kusema uongo. Sakafu inang'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Magari yamepangwa kama maharusi, na kutoka nyuma unasikia grenda ya kusaga chuma ikilia na redio ya mafundi ikibishana nayo. Mwenye showroom ni mwanamume wa makamo, mcheshi, anaitwa Bwana Rono. Tulimkuta akiwazungusha mume na mke kutoka Nairobi wanaojenga loji Naivasha na wanatafuta gari la kuweka pale mbele, wageni wapigie picha. Alitupungia mkono, akatuambia tujisikie nyumbani.

Tulizunguka polepole. Mama aligusa kila kitu kilichogusika. Alisema la kijani lina milango mizito, la bluu limepakwa rangi nene kama mandazi ya jana.

Halafu tukafika kwenye kona. Kulikuwa na jukwaa fupi, limezungushiwa kamba, na juu yake pijo ya krimu.

Sikushtuka. Pijo za aina ile zilijaa huku Bonde la Ufa, na rangi hiyo ndiyo ilikuwa ya kawaida. Pembeni kulikuwa na kibao kikubwa cha mbao chenye maandishi ya Kiingereza. Mama akasema, nisomee.

Nikamsomea, nikitafsiri papo hapo. Kwamba gari hili lilikuwa la mkulima Mzungu wa ngano katika nyanda za juu za Mau. Kwamba limekuwa na mmiliki huyo mmoja tu tangu lilipotoka kiwandani. Kwamba alilitumia kwenda kanisani na klabuni. Kwamba mgeni atazame pedali ya klachi, iliyoinuliwa kwa chuma, kwa sababu bwana huyo alijeruhiwa mguu vitani.

Hapo nikaacha kusoma.

Mama alinisogelea. Kisha akasema, kwa utulivu sana, "Soma tena hapo kwa mguu."

Nikasoma tena.

Alinipa mkoba wake. Aliinua kamba, akapapasa mlango, akaufungua, akaingia. Akavua kiatu cha kushoto na kukiweka sakafuni mwa jukwaa, kama mtu anayeingia kwake. Nilisikia klachi ikishuka na kupanda. Ikashuka tena.

"Mpira wa pedali wameutoa," alisema. "Lakini chuma ni kilekile."

Bwana Rono alikuja mbio, wale wa Nairobi nyuma yake. "Shosho, bibi yangu, hiyo haturuhusu kuingia!"

Nilimweleza. Nilieleza vizuri, kwa heshima, kama nilivyofunzwa. Yeye alitabasamu vile watu hutabasamia mtoto anayedai mwezi ni wake. "Madam, pijo zilikuwa nyingi."

"Chini ya hiki kiti nilichokalia," mama alisema bila kumgeukia, "kulikuwa na tundu. Lilikuwa linaturushia matope. Tulilifunika kwa bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, lile la manjano. Uliza mafundi wako."

Mmoja wa mafundi alikuwa ametoka nyuma kuona kuna nini, bado akipangusa mikono. Alimtazama mama, akamtazama mwajiri wake, na nikaona akipima maneno. "Hiyo bati ilikuwa hapo, boss," alisema mwishowe. "Ilikuwa ya manjano."

Bwana Rono alinishika kiwiko, akanivuta kando. Alipoongea, ucheshi wote ulikuwa umekwisha. Alikiri kila kitu haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo: gari alilitoa kwa mtu wa skrapu, hakujua lilikuwa la nani, ile pedali iliwashangaza wote, na yeye akabuni hadithi. "Madam, nielewe. Mambo ya viazi haiuzi. Watu wanataka historia. Na hakuna mtu ameumizwa."

Hakuna mtu ameumizwa.

Nitasema ukweli, kwa kuwa hapa ndipo mahali pangu pa kuusema. Kwa dakika moja nilitaka kumtoa mama mle ndani na kukimbia. Watu walikuwa wamesimama wanatutazama, simu ziko juu. Mimi ni mtu wa kuuza mapazia, kazi yangu ni kukubaliana na wateja. 

Halafu nikamwangalia mama. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, kidevu juu, vile alivyokuwa akikaa tukipanda mlima na mzigo, matope yakivuta magurudumu nyuma. Alikuwa akitazama mbele kupitia kioo, kwa macho yasiyoona vizuri, na sijui alikuwa anaona nini.

Nikarudi pale kwenye jukwaa, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi gereji: "Hiki kibao ni uongo."

Mwanamke wa loji aliniangalia kama aliyemwagiwa maji. "Kwa hivyo hakukuwa na Mzungu?"

"Hakukuwa," nikasema.

"Kulikuwa na mimi," mama akasema kutoka ndani ya gari.

Mumewe alikohoa. Aliuliza, kwa adabu, kama gari liliwahi kubeba kitu chochote cha, yaani, cha maana. Mama akamjibu kwamba lilibeba maiti kumi na zaidi na wote walifika. Bwana yule alimgeukia Bwana Rono, akasema watafikiria. Sote tunajua neno hilo maana yake. Gari lao lilitoka langoni hata kabla hatujamaliza kutazamana.

Sasa Bwana Rono alikasirika waziwazi. "Mmenifukuzia mteja! Shosho, shuka kwa hiyo gari ama niite askari wa lango."

"Mwite," mama alisema. "Hicho kibao kikitoka, natoka. Kisipotoka, niko hapa. Nimewahi kulala kwa hiki kiti lori likiwa limeziba barabara ya mlima na viazi viko nyuma. Kukaa najua, kijana wangu."

Askari wa lango alikuja. Alikuwa mzee kuliko Bwana Rono. Alimsikiliza bosi wake, akamsikiliza mama, akasema hakuajiriwa kuvuta akina mama kutoka kwenye magari, akarudi langoni.

Ndipo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Familia moja iliyokuwa kwenye gari la bluu ilisogea. Mama yao akauliza, "Shosho, kwani ulikuwa unabeba nini tena?" Na mama akaanza kuwaambia. Aliwaambia juu ya shamba la ngano na baba akisikiliza injini. Aliwaambia juu ya mwalimu aliyezaliwa nyuma. Aliwaambia juu ya polisi mmoja aliyemsimamisha akimtafuta dereva, akachungulia mpaka chini ya viti. Watu walicheka. Wengine wakaja. Mafundi walizima grenda. Kufikia mwisho hakuna aliyebaki kwenye magari mengine. Yote yalikaa peke yake na ung'avu wake.

Bwana Rono alisimama mbali, mikono kiunoni. Nilimtazama kwa muda. Sijui alikuwa anafikiria nini, na sitajifanya najua. Alienda nyuma, akarudi na bisibisi, akafungua skrubu za kile kibao mwenyewe, moja baada ya nyingine, bila kumwangalia mtu. Akakiweka kwapani.

"Sitaandika kingine," aliniambia.

"Usiandike," mama akajibu. "Ni uongo tu sitaki."

Akashuka. Nikapiga magoti nikamvisha kiatu, na watu wakapiga makofi, naye akawaambia waache, si harusi.

Tukiwa njiani kurudi mama alikuwa ametulia. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka, na bado nachemka, na sasa hivi nikiandika ndiyo nimeelewa sababu. Si kwamba walidanganya. Wauzaji hudanganya, hata mimi nimewahi kusema pazia halichuji. Sababu ni hii: walikiona kile chuma. Walielewa kwamba kuna mtu ambaye mguu wake haukufika, na hakukubali hilo limzuie. Walijua gari lilitoka milimani kwetu. Na katika watu wote ambao wangeweza kuwa wenye mguu huo, hakuna hata mmoja pale aliyefikiria mwanamke wa huku. Ilikuwa rahisi zaidi kwao kumzua mtu, wampe vita, wampe na jeraha.

Na wakasema hakuna aliyeumizwa.

Huenda nimemkosesha mtu mauzo ya mwaka. Nimejiuliza kama ninasikitika. Nimejiuliza kwa haki kabisa, nikiwa nimekaa, chai mkononi. Hapana. Sisikitiki.

Mama ameamka sasa hivi. Macho yamerudi, anasema anaona hadi vumbi kwenye pazia langu. Amesimama mlangoni akaniuliza naandika nini, nikamwambia. Nilidhani atanikataza, ni mtu asiyependa mambo yake yajulikane. 

"Kama ni ya watu kusoma," amesema, "usiandike Mama Muthoni, kwa jina lako wewe. Mama Muthoni wako wengi. Andika jina langu lote."

Sawa. Pijo ya krimu iliyo kwenye kona ya ile showroom, upande wa Lanet, iliendeshwa na Tabitha Nyakio Mbugua wa Mau Narok.

Nina wateja wengi wa mapazia upande ule, na barabara si ya mtu. Nitapita Jumatatu nichungulie, na Jumatatu nyingine pia. Kibao kikirudi, nami nitarudi.