Ng'ombe Saba Zizini Kwetu

Jumanne, Julai 1974

Upepo wa mlimani haujatulia tangu asubuhi. Vidole vimekufa ganzi, lakini nisipoandika leo sitaandika tena.

Mama ana uvimbe tumboni. Zahanati ya serikali ni bure, ila hawapasui. Hospitali ya misheni wanapasua, ila wanalipisha. Juma lililopita masista walinionea huruma: nikileta barua ya mwenyekiti wa kijiji kwamba hatuna mali, Mama atapasuliwa bure.

Nilirudi nyumbani karibu niimbe. Hatimaye umaskini wetu ungetufaa kwa kitu.

Leo mwenyekiti amekuja. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniita msomi wetu, akauliza kama chuoni wanatufundisha pia kukamua. Kisha akasimama kando ya zizi akahesabu kwa kidole, polepole, akamgeukia Baba.

"Mzee, mwenye ng'ombe saba nimwandike maskini?"

Hao saba ni wa mwenyekiti mwenyewe.

Aliwaleta kwetu mwaka juzi alipochaguliwa, kwa kuwa viongozi wamekatazwa kujilimbikizia mali. Ni desturi ya huku tangu zamani: mwenye mifugo mingi huitawanya kwa wasio nayo. Sisi tunapata maziwa na mbolea, na hatusemi mifugo ni ya nani. Baba aliahidi kutunza siri.

Jana Baba alimwendea mwenyekiti kwa siri, akamwomba ruhusa ya kuuza mmoja tu ili Mama atibiwe. Akajibiwa kwamba ng'ombe akionekana mnadani, maswali yataanza.

Nilimtazama mwenyekiti usoni nikitafuta ukatili. Niliona woga. Akiandika kwamba hatuna kitu, mtu wa wilayani atauliza zizi hili ni la nani.

Baba akasema, "Ni wangu, Ndugu Mwenyekiti."

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Mimi, ninayewahutubia wenzangu chuoni juu ya usawa. Mama, aliyekuwa ameketi mlangoni na kanga imemkaza tumboni, alinitazama akatikisa kichwa. Nisimwaibishe baba yangu.

Nikamwacha mwenyekiti aondoke bila kuandika barua.

Sijui kama nilimtii Mama, au nilipata tu pa kujificha.

Niliwahi kuandika insha kuhusu umaskini, nikasifiwa mbele ya darasa. Sikujua kwamba kuna watu wasio na hata ruhusa ya kuwa maskini.

Jioni nimekamua. Mama amekunywa nusu kikombe, akasema maziwa ni matamu. Baba hajaingia ndani. Yuko zizini, anaziba pengo la uzio ili wasitoroke.

Alfajiri nitakamua tena.