Mzee Popo na Mama Aliyekwenda Hija

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Mzee Popo ni mimi.

Basi, nimeandika. Sijawahi kumwambia mtu. Si Asma ninayekaa naye dawati moja, si mama, si kaka Gerson — ambaye kila siku mezani ananukuu maneno ya Mzee Popo kama mahubiri.

Ni chaneli yangu ya kuchambua anime, zile katuni za Kijapani, na magemu na muvi. Narekodi nyuma ya tangi la maji, app inaifanya sauti iwe nzito, kama ya mtu aliyekula chumvi na sigara. Sauti yangu yenyewe siipendi. Mwalimu akiniuliza swali natikisa kichwa tu, hata kama jibu ninalo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mzee Popo hatikisi kichwa. Mzee Popo anasema: gemu hili limetengenezwa na mvivu, lifute.

Tatizo ni moja. Watu wanamwamkia. Shikamoo mzee wetu! Watu wazima, wana ndevu kwenye profile zao. Na mimi, wa miaka kumi na sita, najibu marahaba. Mama akijua atanimaliza. Gerson naye huniamkia. Hiyo, kusema kweli, naifurahia.

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Majengo na Gerson, kwenye kibanda cha video cha DJ Masudi, baba mdogo wake Asma. Kasimama na maiki pembeni ya skrini, anatafsiri huku picha zinakwenda. Leo: Mlinzi wa Chumvi.

Uchambuzi: anime bora ya mwaka, na sibishani na mtu. Binti analinda mashamba ya chumvi dhidi ya majini ya matope. Hadithi inakwenda polepole, lakini inajua inakokwenda. Aliyechora ule upepo anajua vumbi, utadhani aliwahi kukaa Nzuguni mwezi wa nane. Tisa kwa kumi. Mimi niliiangalia nyumbani kwa maandishi ya Kiingereza.

DJ Masudi binti kampa jina la Mwajabu. Majini anayaigiza mwenyewe — nakubali, yake yanatisha kuliko ya Wajapani.

Halafu ikaja sehemu ambapo mama anakufa. Anamuaga mwanawe kitandani, halafu kijiji kizima kimevaa nyeupe kinatembea taratibu nyuma ya gari, binti analia barabarani. Kwao nyeupe ni msiba. Masudi akaona nguo nyeupe, akaona watu wanasindikiza, akapaza sauti: "Mama Mwajabu huyoo, anakwenda Hija! Mungu amrudishe salama!"

Kibanda kizima: amina. Hata Gerson, mwanakwaya, kaitikia amina.

Nilirudi nimevimba. Uchambuzi wa Mzee Popo ukatoka jioni hiyohiyo: DJ Masudi amemkatia marehemu tiketi ya ndege. Nilicheka mwenyewe nyuma ya tangi mpaka nikashika mbavu.

Jumapili, 3 Agosti 2025

Tumetoka kanisani, nimefungua simu — balaa! Kila mtu anatuma tiketi ya marehemu. Wengine wametengeneza picha, ina hadi namba ya kiti.

Katikati yao, voisi ya DJ Masudi mwenyewe. Ilianza na shikamoo ndefu, ya heshima, ile ya mtu anayevua kofia. Hakukasirika. Alisema Kiingereza chake ni cha kubahatisha, yeye husoma nyuso, na safari hii nyuso zimemdanganya. Sasa yuko kwenye kona. Siku ya Nane Nane anaonyesha sehemu ya mwisho hapa Nzuguni, jirani na viwanja, na watu wake wanauliza Mama Mwajabu anarudi lini na tende. Ameangalia mwisho. Mama harudi. Akisema ukweli, ataonekana mwongo. Akidanganya tena, wapo wanaojua, watamzomea.

Akamaliza hivi: "Mzee wangu, njoo ushike maiki wewe. Mimi ni umri wa mwanao tu, nifundishe."

Umri wa mwanangu! Ana umri wa baba yangu.

Nikajibu bila kufikiri: marahaba, nitakuja. Ndiyo tabu ya Mzee Popo, haogopi. Kisha yeye akaondoka, nikabaki mimi.

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Asma kanisimulia saa ya mapumziko. Baba yake mdogo amenunua kiti cha mgongo mrefu kwa ajili ya Mzee Popo, na ametangaza Majengo nzima kwamba mzee anakuja. Akipita sokoni wauza karanga wanamuuliza nauli ya marehemu ni shilingi ngapi. Anacheka nao. Akifika nyumbani hali chakula.

Asma kaniuliza mbona nimekuwa hivyo. Nikatikisa kichwa.

Ile sentensi ya tiketi bado ni nzuri. Ndiyo mbaya zaidi.

Jumatano, 6 Agosti 2025

NIMEPATA!

Tena jibu limetoka kwa Asma. Aliwahi kunieleza habari za bibi yake: alifia Hija, akazikwa hukohuko, na kwao wanaihesabu ni heri. Walilia, lakini walilia kwa kujivuna. Basi! Mama Mwajabu alikwenda kweli, na hakurudi. Sehemu ya mwisho binti anapokea kitambaa cheupe cha mama yake, anakifunga kichwani, anarudi shambani. Inaingia kama ufunguo. Hakuna picha hata moja inayokataa. Masudi hakusema uongo, na marehemu anabaki marehemu.

Nimeandika maneno yote, sauti ya binti, ya jini, ya upepo. Nimejaribu bila app. Hakuna DJ mjini hapa anayeweza kufanya hivi. Mimi ni mzuri. Naandika tena nilione: mimi ni mzuri.

(Reli ya Majivu, gemu la simu: nne kwa kumi. Treni nzuri, stesheni zote zinafanana. Leo sina muda nalo.)

Lakini kile kiti kinamsubiri mzee.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Gerson kapiga pasi shati la kanisani. Anataka kesho awe wa kwanza kumpa mkono Mzee Popo.

Nimekwenda nyuma ya tangi. Nimezima app. Nimemtumia Masudi kwa sauti yangu, nyembamba hivihivi: "Shikamoo DJ Masudi. Mimi ndiye Mzee Popo. Naitwa Elieth, nakaa dawati moja na Asma. Nisamehe kwa kukuitikia marahaba, na kwa ile tiketi. Lakini sehemu ya mwisho naiweza."

Tiki zimekuwa bluu.



Ijumaa, 8 Agosti 2025 — Nane Nane

Asubuhi nzima spika za viwanjani zinapiga, matrekta yanapita. Simu kimya. Nimevaa gauni langu la bluu, sijui kwa nini.

Sasa hivi hodi. Sauti naijua — ndiye jini la matope! Mama kamkaribisha, wameamkiana, wameulizana habari za mavuno. Kisha akasema amemfuata mzee. Mama kamwambia baba watoto yuko Kolo kikazi. Akasema si huyo, ni Mzee Popo. Gerson akaangua kicheko. Mzee Popo, hapa kwetu?

Masudi hakubishana. Kawasikilizisha voisi yangu. Sebuleni kwetu! Nimejisikia kupitia ukuta, mpaka neno la mwisho.

Gerson, polepole: "Nimemwamkia huyu. Mama, nimemwamkia huyu mwezi mzima."

Mama akinyamaza ni hatari kuliko akifoka. Masudi naye simsikii. Amekuja kunishtaki au kunichukua, sijui.

Kiti kimesogezwa. Hatua. Za mama, na nyuma yake nyingine. Ningeweza kusukuma hili daftari chini ya godoro, muda upo. Naliacha wazi kitandani, wakitaka wasome. Karatasi za sehemu ya mwisho ziko mkononi. Nakohoa kidogo, kusafisha koo. Sauti ipo. Kitasa kinazu—