Jiwe Lililofungwa Mnyororo

Jumamosi, alasiri. Mawingu yametanda juu ya ziwa tangu asubuhi, na mvua haijaamua. Nami sijaamua, ndiyo maana naandika.

"Mheshimiwa diwani, mchungaji wetu, wazee wa Igogo, ndugu wafanyabiashara, akina baba, vijana, na akina mama wa dagaa." Hivyo ndivyo nilivyopanga kuanza kesho baada ya ibada, wakazi watakapokusanyika kusikiliza taarifa ya safari yangu ya Roma. Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti. Imekaa vizuri. Ualimu na uenyekiti wa mtaa vimenizoeza kuwapanga watu kwa vyeo vyao, na waliokaa mwisho ndio ninaopaswa kuwaomba radhi.

Taarifa yenyewe ni nyepesi. Niliona uwanja wa duara ambamo watu waliuana ili wengine wafurahi. Niliona nguzo zisizobeba paa. Niliona watu wamepanga foleni, tiketi mkononi, waingie katika nyumba ambayo huku tungewakataza watoto wasiisogelee. Aliyenitembeza na kunitafsiria alikuwa padri kijana wa Bukoba anayesoma huko, na hakuchoka kunitania. "Mwalimu, najua ninyi Wasukuma mmezaliwa juu ya mawe, lakini ya huku yana cheti cha kuzaliwa."

Siku ya nne miguu iligoma. Nikaketi juu ya jiwe pana, tambarare, kando ya ukuta mkongwe. Mlinzi akapuliza filimbi kana kwamba nimevunja benki. Kumbe nilikuwa nimeruka mnyororo bila kuutilia maanani. Nilisimama kama mwanafunzi mtoro, nikamwuliza padri lile ni kaburi la mfalme gani.

Akasoma kibao. "Si kaburi, Mwalimu. Hapa waliuzia samaki."

Samaki tu.

Sasa niandike lile ambalo halimo katika taarifa. Kabla ya safari, afisa wa kampuni inayotaka kujenga kiwanda cha minofu ya sangara ufukweni kwetu alinijia nyumbani na barua. Ilisema kwamba wakazi hawana pingamizi mwamba wa ufukweni upasuliwe kwa baruti. Ni mwamba ule ule ambao akina mama wanaanika dagaa juu yake, na mama zao walianika hapo kabla sijazaliwa. Sikumwuliza mkazi hata mmoja. Niliisoma barua mara mbili, nikasahihisha mkato uliokosewa, nikatia saini na kugonga muhuri. Wiki iliyofuata nikaalikwa, kwa gharama ya kampuni, kwenye ziara ya mafunzo huko Roma. Hakuna aliyesema kwamba hili ni kwa ajili ya lile.

Watu wenye adabu hawasemi.

Nilijiambia kwamba huu ni wakati wa soko huria, na anayeng'ang'ania jiwe ataachwa. Nililiamini neno hilo hadi filimbi ilipolia.

Jana alikuja shemeji yangu Nyanjige, mdogo wa marehemu mke wangu, mikono yake iking'aa magamba ya dagaa.

"Shikamoo, shemeji. Umetuletea nini Ulaya?"

"Marahaba. Nimewaletea picha."

Akazipitia mojamoja. "Hee! Mbona nyumba zimebomoka? Wazungu nao wameishiwa saruji?" Nikacheka. "Yaani shemeji umepanda ndege kwenda kuangalia magofu! Si ungeniambia nikupeleke kwenye ghala la ushirika, bure kabisa?"

Akafika picha ya mwisho. "Na hili jiwe limefungwa mnyororo, limeiba nini?"

Nikamweleza. Hakutania tena. Aliifuta picha kwa ncha ya khanga.

"Nipe hii. Wale waliotia alama za chokaa kwenye jiwe letu wamesema wanarudi Jumatatu na mashine. Nitawaonesha. Nitawaambia mwenyekiti wetu ameona kwa macho yake wenzao wanavyolinda."

Mimi ndiye shahidi wake.

Tangu jana natafuta namna ya kuiacha saini ile nje ya hotuba. Sentensi zinapatikana. Ubaya wa kusoma ni kwamba sentensi hazikosekani kamwe.

Nimekata ule mwanzo. Kesho nitawaamkia kwanza akina mama wa dagaa, hata walio wadogo kwangu, kisha diwani na wengine wafuate. Roma nitaimaliza kwa dakika tano. Halafu nitasema haya, bila kuyapamba:

"Barua iliyouza mwamba wenu ina saini yangu, nanyi hamkuulizwa. Safari hii ilikuja baada ya saini hiyo. Nimeandika barua ya kuifuta, lakini saini ya mtu mmoja ndiyo iliyotufikisha hapa. Kwa hiyo barua hii mpya haitaondoka leo bila majina yenu chini yake. Uenyekiti nauacha sasa hivi. Mchagueni mwingine kabla hamjatawanyika, na yeye ndiye atakayemkabidhi mheshimiwa diwani barua hiyo, mbele yenu wote. Na Jumatatu, kabla jua halijapanda, dagaa waanikwe mwamba mzima, pasibaki mahali pa kusimamisha mashine. Mtanikuta nimeketi pale. Asiyetaka kuketi karibu nami, ana haki."

Nyanjige atakuwa mstari wa mbele, na ile picha mkononi. Sitainamisha macho, nami nitamalizia kwa lile ambalo sikuwahi kuwauliza:

"Wanaoafiki, wanyooshe mikono."