Jina Lako Chini ya Picha

Majengo,
Thika.
Tarehe 14 Machi, 1957

Mpendwa shemeji Opiyo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Idah na mtoto, na kwamba ile homa uliyotuandikia habari zake imekuacha. Sisi hapa hatujambo. Mvua bado, vumbi la Thika ni lile lile, na kakako Odhiambo akirudi kutoka kiwandani bado ananuka magome ya miwati wanayosaga huko, hata aoge vipi.

Leo hayupo. Alikwenda nyumbani Asembo Jumamosi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Shemeji, nimechanganyikiwa. Barua hii nimeiandika kichwani mara nyingi, na kila mara inaanzia mahali pengine, kwa hiyo nivumilie.

Unaujua ugonjwa wangu wa vitabu. Ulipokuja mara ya mwisho ulilala chumba kimoja navyo, ukasema unaogopa vitakuangukia. Vimeongezeka. Nina kamusi ya Kiingereza iliyochanika mwanzo, ndiyo maana Kiingereza changu kinaanzia herufi D. Nina kitabu cha kutibu farasi, na farasi mwenyewe sijawahi hata kumgusa. Siku hizi pia nachukua vitabu vya picha, zile za kubandikwa, za harusi na watoto na mbwa waliokalishwa kwenye viti. Odhiambo huniuliza kama nimekosa jamaa zangu mwenyewe mpaka niokote jamaa za watu.

Navipata Ruiru, katika duka la Ratilal karibu na stesheni. Mzungu akiuza shamba na kurudi kwao, vyombo vyake hupigwa mnada, na Ratilal huchukua vitabu na makaratasi yote ya kufungia sukari na njugu. Mimi hufika kabla hajaanza kuchana. Jirani yangu Wamboi angependa tufuatane, lakini Wakikuyu bado hawaendi popote bila pasi, kwa hiyo huenda peke yangu na kikapu.

Mwezi uliopita nilimkuta ameshika kitabu kikubwa cha picha, kurasa zake nyeusi, kilichotoka kwenye shamba moja la kahawa. Akaniambia, "Mama Kitabu, hii karatasi nyeusi hapana faa. Sukari naingia rangi. Chukua wewe." Nikakitia kikapuni kama nyongeza tu, sikukifungua mpaka nilipofika nyumbani.

Kumbe mwenye kitabu alikuwa afisa katika vita vya kwanza, vile vya Wajerumani, na picha nyingi ni za wapagazi, wale watu wa Kariakoo waliobebeshwa mizigo ya jeshi mpaka huko Tanganyika uliko wewe. Chini ya kila picha ameandika kwa wino mweupe. Nikawa nafunua tu, mpaka nikakuta jina lako. Opiyo. Nilicheka peke yangu. Nikasema shemeji alikwenda vitani lini, na mwaka ulioandikwa pale, 1917, hata mama yake hajaolewa.

Halafu nikaacha kucheka. Katika picha hiyo wamesimama vijana wawili, blanketi begani, kibati cha namba shingoni. Yule mwenye jina lako ana sikio la kushoto lisilo na ncha. Shemeji, sikio hilo nalijua. Marehemu baba yenu, Mzee Odongo, alipoletwa kuugulia kwetu, ni mimi niliyekuwa nikimnyoa, na kila mara nililizunguka sikio lile kwa wembe polepole. Aliniambia lilikatwa na waya vitani. Kwa hiyo huyu ni baba yenu, lakini ameandikwa Opiyo. Na jina la baba yenu, Odongo, limeandikwa chini ya kijana wa pili, ambaye ana sura ile ile ila masikio yake ni mazima. Nikafikiri ni mtu mmoja amepigwa picha mara mbili kwa ufundi wa Kizungu.

Nilimpelekea Jentrix, yule jirani yetu aliyetoka upande wa Nyanza. Akanitazama kwa huruma. "Mbithe, umeolewa na Mjaluo miaka yote hii na hujui? Opiyo ni yule anatoka kwanza. Odongo ni yule anafuata nyuma. Hawa ni mapacha, walikaa tumbo moja."

Mimi ni Mkamba, shemeji. Kwetu jina ni jina. Nilimjua baba mkwe kama Odongo na sikuwahi kuuliza nani alimtangulia. Nilichosikia ni kwamba kulikuwa na ndugu yake aliyepotea vitani, na ninyi mlimwita "yule wa vitani", tena kwa sauti ya chini ili Dani asisikie. Nilijua kwamba nyanya yenu huyo hataki mwanawe azikwe. Kila likizo Odhiambo huniambia wazee wamemsihi tena Dani Aketch akubali lile tunda la yago lizikwe mahali pa mwili wa mwanawe, kwa kuwa yeye ni mzee sana na wanaogopa atakwenda jambo hilo likiwa halijafanywa. Na kila likizo Dani hujibu kwamba Opiyo hajafa, na mtu aliye hai hazikwi. Lakini kwamba walikuwa mapacha hakuna aliyeniambia.

Nikamuuliza Jentrix, basi shemeji yangu Opiyo pacha wake yuko wapi. Akasema huyo hana pacha, huyo amepewa jina la marehemu, kwani mtu akiwa hai jina lake halipewi mtoto. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini Dani hajawahi kukuita Opiyo. Nilidhani anakuita Okoth kwa mapenzi tu, kwa sababu ulizaliwa mvua ikinyesha. Kumbe ni ugomvi wa tangu ulipozaliwa. Baba yenu alikupa jina la ndugu yake kwa kuwa amekufa, na mama yake akakataa kulitamka kwa kuwa yu hai.

Odhiambo aliporudi kutoka kazini nilimwekea kitabu mezani kwa furaha. Nilidhani nimempatia zawadi. Akatazama, akasukuma sahani, akakitoa nje kwenye mwanga. Aliporudi alisema, "Mzungu alikosea majina. Wazungu walikuwa hawawezi kututofautisha hata sisi ambao si mapacha." Nikasema huenda. Lakini akakifunga kitabu ndani ya shati lake la Jumapili, akakiweka juu ya kabati, na kwa siku nyingi hakuzungumza nami ila ya chumvi na maji. Sikujua kosa langu ni lipi. Nilijiuliza kama kwenu ni mwiko kuleta picha ya marehemu nyumbani. Nilifikiri hata kukirudisha kwa Ratilal afungie sukari nyeusi.

Ijumaa usiku ndipo akasema anakwenda kumwonyesha Dani. Nikamuuliza, na kama Mzungu hakukosea? Kama yule aliyerudi na sikio bovu ni Opiyo, basi wewe na ndugu yako ni wana wa nani? Alipanda kitini, akakishusha kitabu kutoka juu ya kabati. Ndipo nikajua kwamba ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Shemeji, wewe unamkumbuka mzee kuliko mimi. Unakumbuka siku ulipomwambia umepata kazi ya karani kwenye mkonge huko Morogoro? Nilikuwepo nikimimina chai. Alikuuliza kama hakuna mkonge mahali pengine, nasi tukacheka. Sasa chini ya picha ile nimesoma Morogoro, na sijui nicheke au nifanye nini.

Naacha hapa, mtoto analia.

Jumapili, tarehe 17

Nilikuwa sijaitia barua kwenye bahasha, na namshukuru Mungu, maana Odhiambo amerudi leo. Ameoga, amekula, amekaa. Nitakueleza alivyonieleza, na palipo na giza ujue ni giza lake na langu pia.

Dani anaona bado kwa jicho moja. Alikichukua kitabu akaketi nacho mlangoni kwenye jua. Odhiambo alimsomea majina, akamwambia Mzungu alikosea, kwa sababu mwenye sikio lile ni baba, lilikatwa na waya vitani. Dani akaweka kidole kwenye lile sikio. Akasema, "Waya gani? Hili lilipasuliwa na ndoana akiwa mtoto. Nililifunga mimi mwenyewe. Huyu ni Opiyo."

Odhiambo akasema, basi Dani, baba yetu alikuwa nani. Akajibu kwamba siku vijana wake walipochukuliwa alimshika Opiyo mkono, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, akamwambia: mdogo wako nimemkabidhi kwako, unirudishie Odongo. "Vita vilipokwisha akaja mmoja. Akapiga magoti hapo ulipo, akasema, mama, mimi ni Odongo. Alinirudishia Odongo kama nilivyomwagiza."

Shemeji, niliposikia nililia, na sioni haya kukuandikia. Odhiambo alimuuliza mbona hakumwambia mzee kwamba amemtambua, miaka yote ile, hata alipokuwa anaugua. Dani alisema mtoto ameubeba mzigo huo kutoka Morogoro mpaka mlangoni kwake, yeye ni nani amwambie autue. Kwa hiyo alimwita Odongo mbele za watu, akampikia kama Odongo. Lakini kumzika Opiyo aliye hai, anayekula chakula chake, hilo hakuliweza, na hata mzee alipofariki aliendelea kujibu vile vile, na kukuita Okoth, ili asifichue siri ya mwanawe. Na sisi tulidhani ni uzee.

Mengine siyaelewi na sidhani nitayaelewa. Msalaba wa mzee kule nyumbani umeandikwa Odongo, na mimi ndiye niliyechagua rangi. Watoto wangu shuleni wanaandikwa kwa jina hilo. Odhiambo anasema jina libaki kama mzee alivyotaka, kisha baadaye anasema litolewe. Na lile jina alilokupa wewe, sasa nafikiri hakuwa anamkumbuka ndugu yake. Alikuwa anajizika mwenyewe mahali ambapo mama yake hakumruhusu azikwe. Labda nimekosea, mimi ni Mkamba tu mwenye vitabu vilivyochanika.

Dani amekubali yago. Amesema litafutwe sasa, lakini lizikwe kwa jina la Odongo, kwa kuwa ndiye aliyebaki huko. Odhiambo anaomba, kabla hujaja, uulize wazee wa Morogoro walipozikwa watu wa Kariakoo. Hata kama ni shamba la mkonge siku hizi, uchukue udongo kidogo ufunge kwenye kitambaa. Huenda unapita karibu na baba yako mdogo kila asubuhi ukienda kazini. Omba ruhusa ya Pasaka, na wasipokupa uombe tena.

Nisalimie Idah sana, mwambie ushanga wake nimeuweka. Msalimie mtoto. Jentrix na Wamboi wanakusalimu, na watoto wanauliza kama utawaletea nazi. Mungu akulinde njiani, akupe afya na moyo wa kulipokea hili, maana mimi mwenyewe bado sijalipokea.

Neno la Dani nimeliacha la mwisho ili usilisahau. Odhiambo alipokuwa anaaga alimuuliza kama ana salamu zozote kwa Okoth. Dani akatikisa kichwa, akasema, "Hakuna Okoth. Mwambie Opiyo aje nyumbani."

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, hata ninapokuwa sijui nikuite mwana wa nani,

Mbithe