Mwenzake Karani

Mitwero, Lindi
Ijumaa, mvua zimeanza kukatika

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia mara mbili, moja ya leo na nyingine ya siku zote hizi nilizokaa kimya tangu barua yako inifike. Naiona picha yako umekaa barazani hapo Kisiwani, kila anayeshuka mashuani kutoka Masoko unamuuliza kama hakupewa bahasha na Somoe. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Sijui goti lako likoje. Yale mafuta ya nyonyo niliyokupelekea unapaka, au umeshampa jirani? Umempa jirani, nakujua. Huku mvua zilitukata kabisa. Mbwemkuru ulijaa, mabasi yakawa yanalala ng'ambo na abiria wake, hata chumvi ikapanda bei. Lakini nisisingizie mto. Hata kama njia ingekuwa kavu, nisingekuandikia.

Athumani, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole na usiruke mahali. Una tabia, ukifika penye uchungu unakohoa halafu unarukia mstari wa chini.

Mama, uliyoniandikia niliyaelewa. Kwamba shehe wa hapo amesema muda wa kumngoja mume asiyejulikana aliko umeshatimia na kupita. Kwamba niende nikaonane na wakubwa wa dini huku, nikae eda, na nyumbani mmsomee Issa hitima kama wanavyosomewa waliotangulia, kisha nirudi kwetu. Nilipomaliza kuisoma niliikunja nikaiweka chini ya cherehani, na nilikasirika, sikufichi. Nilisema, mama yangu mzazi ananiambia nimzike mtu ambaye hakuna aliyemwona akiwa maiti. Nikasema hata akiniandikia mara mia simjibu.

Jibu lako limo humu ndani. Lakini kwanza nataka nikupe habari ya paka, na tafadhali usigune.

Karani unamkumbuka. Ulipokuja kunitazama ulimwita paka wa sultani kwa kuwa halali chini. Alizaliwa kwenye ghala la korosho kati ya magunia, Issa akiwa mpima mizani. Jina alipewa na wapakiaji, kwa sababu alipenda kulalia karatasi za mizani na ukimwondoa anakutazama kama umemkatiza kazi. Ghala lilipofungwa, watu wakapunguzwa kazi, na wanunuzi wapya wakaja na watu wao, Issa alirudi nyumbani na kitu kimoja tu. Alikuwa amemtia Karani kifuani ndani ya shati, lile la samawati la kazini, na yule mtoto wa paka amelitoboa kwa kucha mpaka ngozi ya mwenyewe inatoka damu. Nililishona mimi lile shati. Alama zake zipo mpaka leo.

Kabla Issa hajaondoka kwenda Msumbiji na wenzake kutafuta riziki, aliniambia, "Somoe, Karani asitoke nje mpaka nirudi. Mzee Chande anategea panya." Mzee Chande ni jirani yetu. Lile lililokuwa duka la ushirika sasa ni lake, na kwa kuwa siku hizi ni ruksa kuuza kila kitu, amelijaza unga na mchele mpaka darini, na panya nao wamekuja kula ruksa yao. Anawawekea ile sumu inayotembezwa na vijana. Basi nikafunga. Dirishani nilipiga wavu, chini ya mlango nikawa nasukumia gunia. Watu wa Mitwero walinicheka, paka gani anafungiwa kama mwari. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba Issa akirudi amkute Karani kama alivyomwacha, na kwamba maadamu Karani yumo ndani, Issa yuko njiani.

Bakari aliporudi, yule waliyeondoka pamoja, alikaa kwenye kigoda changu na kofia mkononi. Alisema waliachana ng'ambo ya Ruvuma, Issa ana homa kali hawezi hatua. Walimlaza kivulini wakaenda kutafuta msaada, na waliporudi hawakumkuta. Kila aliyekuwemo chumbani alisikia msiba. Mimi nilisikia "hawakumkuta" tu. Nikasema, basi kama hawakumkuta, ina maana aliinuka akaenda.

Na wewe, Mama, ndiye uliyenipa moyo ule bila kujua. Unamkumbuka yule paka wako mwizi wa samaki? Kwetu paka hauawi, anatupwa, na akitupwa lazima avushwe maji, ndipo asijue njia ya kurudi. Ulimfunga kwenye kikapu ukampa mjomba amvushe Masoko. Hata mwezi haukuisha, mashua ya watu wa sokoni inatia pwani, na yeye huyo amekaa mbele kama abiria aliyelipa nauli. Ulicheka mpaka ukakaa mchangani. Hadithi ile niliishikilia. Nikawa najiambia, paka yule alivushwa na akarudi, sembuse mtu mwenye ulimi wa kuulizia njia.

Sasa mwaka huu Karani akaanza kunyong'onyea. Chakula ananusa anaacha. Anakaa nyuma ya mlango, uso kwenye mbao, analia kwa sauti ndogo. Mama Agata, jirani yangu Mmakonde wa Newala, yule anayeuza mihogo ya kukaanga, alikuja akamtazama, akashika kiuno.

"Huyu haumwi," akasema. "Huyu mpweke. Mtafutie mwenzake. Wewe mwenyewe kukaa peke yako umeshindwa, itakuwa yeye?"

Nilimjibu vibaya, lakini neno liliniingia.

Mwenzake alikuja bila kutafutwa. Nilikuwa barabarani nangojea furushi langu la mitumba ya kurekebisha. Basi la Nachingwea likasimama, na utingo akarusha kiroba majanini kikiwa kimefungwa mdomo kwa kamba ya katani. Kiroba kikalia. Nikamuuliza, "We kijana, umetupa nini?" Akasema, "Mzigo wa watu, dada. Nimeambiwa nikishavuka mto ndiyo niutupe." Nikajua. Nilipokifungua alitoka paka mweusi, mifupa mitupu, sikio moja limeliwa nusu. Hakukimbia. Aliketi pale pale akitazama huku na huku, hajui aelekee wapi, na basi linaondoka. Mama, nililia barabarani mchana kweupe kwa ajili ya paka wa watu. Nilimbeba na kiroba chake, jina nikampa Mgeni.

Siku za mwanzo zilikuwa vita. Karani alipanda juu ya kabati akawa anatukana kutoka huko kama mke mkubwa aliyeletewa mwenzie. Mgeni yeye alilala kwenye kiroba chake, hana maneno. Nilikuwa nimeshakata tamaa, hata nimeanza kuuliza nani atamchukua, mpaka asubuhi moja nakuta Karani ameteremka na anamlamba lile sikio bovu. Anamlamba na macho ameyafumba. Tangu hapo wakawa wanakula sahani moja, wanalala kiroba kimoja, na Karani akanenepa. Akaanza kucheza na nyuzi zangu za cherehani, mambo aliyoyaacha tangu mwenyewe aondoke. Nyumba ikawa na watu. Nilijikuta nacheka peke yangu.

Lakini Mgeni hakuwa wa kufungiwa. Alizoea kujitafutia, na kila nilipoziba alitoboa. Mwisho nikashindwa, nikawa namwachia atoke asubuhi arudi jioni. Nilikwenda kwa Mzee Chande, nikamwamkia, nikamweleza. Mzee wa watu akanihurumia. "Nitategea ndani ya duka tu, binti yangu, na mlango nafunga," akasema, na alifanya hivyo. Karani mlango ukiwa wazi hakutoka hata hatua. Alikuwa ameshasahau nje kukoje. Anakaa kizingitini tu, na jua likielekea kuzama anainua masikio, na Mgeni anakuja.

Basi, siku moja Mgeni hakuja. Nilimkuta kesho yake nyuma ya duka karibu na mapipa. Sumu ilikuwa ndani kama Mzee Chande alivyoniahidi, lakini panya akishakula hufia anapotaka, na Mgeni alimkuta panya. Mzee Chande alisimama pembeni yangu akijifuta uso kwa kofia yake. Sikumlaumu, na hata sasa simlaumu. Nilimbeba Mgeni kwenye kipande cha pazia la mitumba, nikapitia nyuma ya jiko ili Karani asituone. Nikachimba chini ya mpapai, nikamfunga kitambaa cheupe, nikamfukia upesi upesi, nikanawa mikono nikaingia ndani kama niliyetoka kuchota maji. Nilidhani namhurumia.

Karani alikaa kizingitini jioni hiyo. Na iliyofuata. Na zilizofuata, na mvua inanyesha, maji yanamrukia usoni, hasogei. Nikifunga mlango anaukwaruza, nikimletea dagaa hatazami. Kila mguu unaopita njiani anainua masikio, kisha anayalaza. Ile kuyalaza, Mama. Nilishindwa kuitazama, nikawa nashona nimeupa mlango mgongo.

Mama Agata akaniuliza Mgeni nilimzikaje. Nikamweleza. Akaniwekea mkono mdomoni kabla sijamaliza.

"Na huyu hukumwonyesha?"

"Nilimwonea huruma."

"Huruma gani hiyo, Somoe? Mnyama akimwona mwenzake, akamnusa, anajua. Analia kidogo, halafu anakula. Usipomwonyesha anangoja. Atangoja mpaka afe, na atakufa anadhani mwenzake kamkimbia."

Maneno yale hayakumpata Karani, yalinipata mimi, na nadhani Mama Agata alijua yanakokwenda, kwa sababu aliinuka akaondoka bila kuaga, na yeye si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Kile kipande cha pazia nilikuwa nimekitundika nyuma ya jiko sijakifua. Nilikichukua nikakiweka chini mbele ya Karani. Alikinusa pembe hadi pembe. Alikinusa sana, Mama, akarudia, akaninusa na mikono yangu. Halafu akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, moja tu, akalala juu ya kile kitambaa mpaka adhuhuri. Adhuhuri aliinuka akaenda kwenye sahani akala. Tangu siku hiyo hakukaa tena kizingitini.

Nami nikabaki nimeshika tama. Nilijiuliza, mimi nani atanionyesha? Mimi pazia langu liko wapi? Ndipo nikafungua sanduku nikatoa lile shati la samawati. Kwa miaka yote hii sikulifua, kwa sababu lilikuwa na harufu yake, jasho na korosho, na kila upweke uliponizidia nilikuwa nainamia sandukuni navuta pumzi. Nikalikunjua kitandani. Karani akapanda. Nilisema moyoni, huyu amelelewa kifuani mwa shati hili, akimjua mwenyewe nitangoja. Akalinusa mara moja tu, kwa adabu, kama anavyonusa nguo za wateja. Akashuka akaenda zake.

Nikaweka uso wangu mimi. Lilinuka sanduku, Mama. Lilinuka sanduku tu.

Nilikaa pale kitandani nikalia kwa sauti, kilio kile ambacho siku ya Bakari nilikataa kukilia, na wanawake wa jirani waliposikia wakaja mmoja mmoja wakakaa chini bila kuuliza. Mama Agata alishika kichwa changu mapajani pake. Hakuna aliyesema "mumeo amekufa". Hata mimi sikulisema. Lakini tulikaa kama wanavyokaa wafiwa, na mtu alipika uji.

Basi jibu langu ni hili. Msomeeni Issa hitima. Fanyeni Ijumaa, baada ya sala, na mwalikeni yule mjomba aliyemvusha paka wako, maana alimpenda Issa. Mimi huku nimekwenda kwa shehe, amenieleza taratibu za eda, nami nitakaa humu humu ndani mwa nyumba yangu, siyo huko. Nimezoea kuwa ndani. Ikiisha nitakuja, na Karani nitakuja naye kwenye kikapu, nimvushe maji. Yeye akitaka kurudi Lindi na arudi. Mlango wake sasa uko wazi, anatoka kidogo, anafika mpapai, anarudi.

Bado nina hasira nawe kidogo, kwa kuwa ulijua kabla yangu. Itapoa.

Nisalimie shangazi anayeumwa macho, mwambie dua zake nazihitaji. Nisalimie mke wa mjomba na watoto wake. Nisalimie bibi mkunga aliyekuzalisha uliponizaa, ikiwa bado anatembea. Barua hii na furushi hili dogo anakuja navyo binti yake Mama Agata, anakuja Masoko kwa wakwe zake. Mpokeeni vizuri, mumpe samaki.

Athumani, hapa usikohoe. Lililomo ndani ya furushi ni lako. Shemeji yako hakuacha mtoto, na mabega yenu yalikuwa sawa. Lina alama za kucha kifuani, usimpe fundi azifiche. Livae siku ya hitima. Nimelifua.

Mimi mwanao,
Somoe