Upepo wa Tairi la Nyuma

Ngalula, mke wangu,

Mama yako yuko salama. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nakula. Yuko Kasai kwa kaka yako, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, nimelala usingizi wa kweli.

Haya hukuyaona, na nashukuru. Baada yako kazi ya mgodini ilikauka, mishahara ikakatika, na vijana wa hapa Kolwezi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwaambia Wakasai warudi kwao. Kwao wapi? Mama yako alizaliwa hapahapa, baba yake aliletwa kuchimba shaba. Majirani waliokula kwake wakajifanya hawamjui. Ndugu zenu walikuwa wamelala stesheni wakingoja treni, na wengine walikufa palepale wakingoja. Yeye na kile kikohozi chake asingefika popote. Nikasema nitampeleka mwenyewe kwa pikipiki yetu mpaka kwetu Sandoa, kaka yako aje kumpokea huko, ampeleke Kasai.

Sasa nicheke. Unajua mambo yangu na mama yako. Mkwe hatazamwi, wala hamketi kiti kimoja. Miaka yote ile nilimjua kwa sauti iliyopita ukutani na kwa sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, uliyoniletea kutoka kwake. Nitambebaje? Yeye ndiye aliyeamua: akapanda nyuma akanipa mgongo, kitenge chako akakifunga katikati yetu kama pazia. Tukatoka mjini hivyo, mgongo kwa mgongo. Hata vijana wa kizuizi cha barabarani walicheka sana, wakasahau kumuuliza kabila lake, wakatuacha tupite.

Lakini tairi, Ngalula. Wewe ulikuwa unapanda kwanza, mimi nabonyeza la nyuma kwa kidole gumba, nawe unauliza: "Minanona?" Nakujibu hujanenepa hata kidogo, huku naongeza upepo. Kwa mama yako ningeinamaje? Nikapima kwa kumbukumbu. Nikamfikiria mama wa siku ya ndoa yetu, aliyeziba mlango mzima akicheza, nikapiga pampu mpaka tairi likawa gumu kama jiwe.

Penye barabara ngumu tulirukaruka tu, na yeye akavumilia. Tulipoingia kwenye mchanga, ambako tairi linatakiwa lilegee kidogo ili lishike, gurudumu la nyuma likateleza na tukaanguka wote wawili. Nilimkimbilia nikamwinua bila kufikiria ukwe. Alikuwa mwepesi, Ngalula. Nilimwinua kama furushi la nguo. Mama yule wa mlangoni alikuwa amekwisha, na mimi, mtaa mmoja naye, sikujua, kwa sababu ya heshima. Nililia mbele yake bila aibu.

Yeye akajipangusa mchanga, akanitazama usoni, akasema: "Mukwe, uliweka mupepo ya mwanamuke gani?"

Wallahi nilicheka na machozi yangu. Akapanda tena, nikapiga magoti nikautoa upepo kidogo kidogo, nikibonyeza kwa kidole, mpaka tairi likatulia chini yake bila kulala. La mbele nikalilegeza pia. Tangu hapo pikipiki ilikwenda vizuri, taratibu, na penye mawe tulisimama nikarudisha upepo kabla mpira wa ndani haujabanwa ukapasuka. Kitenge chako akakifungua, akajifunika mabega. Baridi ilikuwa inamsumbua, na mimi sikuwa tena na la kuficha.

Kaka yako alikuwa ameshafika Sandoa anatungoja. Alipompokea nikaketi chini pale pale.

Juzi mchuuzi mmoja kutoka upande ule kaniletea maneno yake mama: "Muambie mukwe wangu, siku atakuya, apige mupepo mingi. Minanona."

Nilikuwa uani. Niliangalia nyuma, nikidhani ni wewe umeuliza.

Mvua zikiisha nitakwenda kumwona. Pumzika sasa, mke wangu, usihangaike naye tena. Na nakuahidi: safari hii nitamtazama mama yako kwanza, ndipo nishike pampu.